Gia Hii Naifunga Mwenyewe

Kama juma lililopita hukunisoma, nitakupa kwa ufupi, maana hasira niliyonayo hainiruhusu kuyarudia yote.

Mimi ni Ottilia, mzaliwa wa Lituhi, Mnyasa wa ziwani niliyeolewa huku juu milimani, Mbuji, kwa Wamatengo. Mume wangu Victor alifariki akaniachia watoto na pikapu moja kuukuu. Nikajifunza kuiendesha huku watu wananicheka. Ndiyo inayobeba usipa, dagaa wa ziwa letu, kutoka Lituhi mpaka sokoni Mbinga, na ndiyo inayotulisha.

Mwezi uliopita, kwenye mteremko wa kushukia ziwani, nilitoa gia ya tatu ili niingize ya pili. Ya pili sikuipata. Mkono wa gia ukawa unaelea tu, kama mwiko kwenye uji. Breki zikazidiwa. Nikaona afadhali niligonge lile gema la udongo kuliko kuingia bondeni, nikaligonga. Nilitoka hai, bega la kushoto limeteguka.

Fundi aliyekuja kuivuta gari alipanda, akaingiza gia, ikaingia. Akawaambia watu gia ni nzima. Kuanzia hapo nikawa mimi ndiye mbaya.

Shemeji yangu Alphonce, mdogo wake Victor, hakungoja hata uvimbe ushuke. Alilipeleka jambo langu kwenye sengu.

Kwa asiyejua, sengu ndicho kikao cha ukoo huku kwetu. Watu wanakula pamoja nyumbani kwa mkubwa wa ukoo, na wakishanawa ndipo mashauri yanapotoka. Mkubwa wa sengu yetu ni baba mkwe wangu, Mzee Tarsisi. Akitoka yeye, anayefuata ni Alphonce. Na mtu akitolewa sengu, hali tena pale, na neno lake halihesabiwi na yeyote, hata na watoto wake.

"Shemeji alitoa gia akaiacha gari ishuke huru, abane mafuta," Alphonce alisema huku anajifuta mikono. "Kila mtu anajua. Na sasa mkono wenyewe hauendi. Gari ya kaka inataka mwanaume."

"Sikuiacha huru," nikasema. "Gia haikuingia."

"Fundi kasema gia nzima."

"Basi kuna mtu aliichezea."

Wote wakanigeukia. Mngeniona mngenionea huruma, mwanamke wa kuja, bega limening'inia kwenye khanga, nimezungukwa na wanaume walioshiba. Hasira ikanipanda. Nikasema maneno ambayo hakuna aliyenituma kuyasema.

"Nipeni mpaka Jumapili. Nitapanda kilima hiki naendesha mwenyewe, kwa mkono huu huu. Na nitamtaja aliyeigusa gari ya Victor. Nikishindwa kimoja kati ya hivyo viwili, funguo nampa Alphonce mwenyewe. Lakini nikimtaja huyo mtu, nataka atolewe sengu."

Alphonce alitabasamu. Mimi nilikuwa namtazama yeye tu, maana nilishamhukumu moyoni.

Baba Tarsisi akaweka bakuli chini. "Imekubaliwa," akasema. "Atakayetajwa hatakula tena hapa. Hata awe nani."

Hapo ndipo mliponiacha.

Sasa, mkono. Bega langu haliumi nikikaza. Linauma nikinyoosha. Na mkono wa gia wa pikapu ya Victor ni mrefu mno, ukitaka gia ya tatu lazima uusindikize mpaka karibu na dashibodi. Nikifika hapo machozi yananitoka.

Nilimpigia simu kaka yangu Cuthbert, anayefanya kazi na magari Songea. Nikamweleza. Akacheka.

"Dada, wewe unahitaji gia fupi," akasema. "Kuna mkono mfupi, vijana wanaokimbiza magari wanaupenda. Kiganja tu kinageuka, gia imeingia. Itakuwa nzito kidogo, lakini hutanyoosha bega."

"Uzito siuogopi."

"Basi nakutumia. Upeleke kwa fundi, usije ukajitia ufundi."

Ukaja na basi, umefungwa kwenye gunia, pamoja na bushi yake mpya. Bushi ni kile kikombe kidogo cha plastiki kinachovishwa kwenye ncha ya chini ya mkono wa gia. Ndicho kinachoufanya mkono uishike gia usicheze. Bila bushi unatikisa hewa.

Nikapanda pikipiki mpaka Mbinga mjini, kwa fundi Egidi, yule anayeijua pikapu yetu tangu enzi za Victor. Nilimkuta anakunywa chai.

"Mama, shikamoo," akasema, na macho yake hayakukaa kwangu.

"Marahaba, Egidi. Nataka unifungie hii kabla ya Jumapili."

Aliugeuza ule mkono mfupi mara mbili tatu. Akanirudishia.

"Haiwezekani."

"Haiwezekani kwa nini? Hujui?"

"Najua. Kazi ya asubuhi moja." Akashusha sauti. "Alphonce alipita. Amesema ile gari ni ya ukoo, isiguswe mpaka kikao kiishe. Mama, mimi naishi hapa hapa na hawa watu."

"Gari ni ya Alphonce?"

"Sijasema hivyo."

"Kadi ina jina la Alphonce?"

Akarudi kwenye chai yake. Nikamwambia hao watoto wa Victor waliokuwa wakimletea samaki bure kila Krismasi hawatamletea tena. Nikageuka.

"Usijaribu mwenyewe," akaniita. "Ukishang'oa mkono, giaboksi inabaki wazi. Ukidondosha skrubu moja mle ndani, ndiyo basi tena, mpaka ishushwe. Na ukiufunga vibaya, utajua mteremkoni."

Nilirudi Mbuji. Sikuwa na hofu. Nilikuwa na hasira ya kuona mtu mzima anaogopa kivuli cha Alphonce, na hasira nyingine ya kujua kwamba alilosema lilikuwa kweli. Mimi bega moja. Spana nilizonazo ni za kurithi. Nikikosea, napoteza gari Jumapili, au napoteza maisha Jumatatu.

Wifi yangu Kunigunda, dada yake Victor, alikuwa jikoni kwangu anasonga ugali. Tangu niumie ndiye anayenipikia. Alikuwa na ule mwiko aliotuchongea baba yake, wenye duara jeusi lililochomwa kwa waya wa moto kwenye mpini. Kila anachochonga Baba Tarsisi kina duara hilo, mipini ya majembe, vigoda, hata fimbo yake mwenyewe.

"Egidi kakataa," nikamwambia.

"Nilijua."

"Naifunga mwenyewe."

Akageuza ugali kwanza, ndipo akanijibu. "Wifi, pikipiki tu ukiiona inafunguliwa unaangalia pembeni."

"Nikiipeleka kwa fundi mwingine, Alphonce atafika kabla yangu. Nikiiacha hivi hivi, Jumapili siwezi hata kutoka getini. Niambie wewe, nifanye nini?"

"Mwombe Baba aongeze muda."

"Niombe huruma? Alphonce ataimba mpaka gulioni kwamba Mnyasa kashindwa."

Kunigunda akapakua. Ni mtu wa kufikiri taratibu, na mara nyingi utaratibu wake unaniudhi. "Na hilo jina je?" akauliza. "Hata ukiendesha vizuri, Jumapili wanataka jina."

"Jina ni Alphonce."

"Una hakika?"

"Aliazima gari akabebea mbolea, wiki ile ile. Nani mwingine alishika funguo? Egidi alizishika alipomwaga oili, lakini nilikuwa nimesimama pale pale. Mwingine ni Baba tu."

"Baba huwa anakaa tu mle ndani," akasema Kunigunda. "Anamlilia mwanawe."

Ni kweli. Jioni moja kabla sijashuka Lituhi, Baba alikuja na kikapu chake, akaniuliza kama gari linalia. Nikamwambia linalia, gia inagongagonga. Akaomba funguo, akakaa ndani ya gari la mwanawe mpaka kiza kikaanza kuingia. Sikumfuata, niliona ni msiba wake, nimwachie.

"Basi ni Alphonce," nikasema. "Na alichofanya kimo mle chini ya gia. Nikiipa mikono ya watu waifungue, kitapotea. Nikifungua mwenyewe, nitakishika. Ndiyo maana naifunga mwenyewe, wifi. Umenielewa?"

Akanielewa. Akafunika ugali, akajifunga khanga kiunoni.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulilisogeza gari kivulini, simu nimeiegesha kwenye kioo, Cuthbert anaongea kutoka Songea kama padri kwenye redio.

"Ng'oa kirungu cha juu. Kizungushe tu."

Kikang'oka.

"Raba nyeusi chini, toa skrubu zake. Weka kila skrubu ndani ya kikombe. Kikombe, dada, usiweke juu ya kiti."

Nikatoa kwa mkono wa kulia, Kunigunda kashika kikombe. Moja ikaruka. Tukaiona inabingirika kuelekea kwenye tundu, Kunigunda akaipigia kiganja kama anaua mende. Tukatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikacheka.

"Sasa mnaona kofia ya chuma imeushika mkono," akasema Cuthbert. "Igandamize chini, kisha izungushe kushoto. Ina springi, ina ubishi."

Ilikuwa na ubishi kweli. Kunigunda akaigandamiza kwa uzito wake wote, mimi nikazungusha. Nilimtukana Alphonce, nikamtukana Egidi, nikamtukana na Victor kwa kufa. Kofia ikaachia.

"Vuta juu taratibu. Mkono ukitoka, ziba tundu kwa kitambaa safi hapo hapo."

Nikauvuta. Kunigunda akaziba tundu kwa kipande cha khanga. Mkono mrefu wa Victor ukawa umelala mapajani mwangu, unatiririka oili, na nikaitazama ncha yake ya chini.

Bushi ya plastiki haikuwepo.

Pale ilipopaswa kuwa palikuwa na kipande cha mti, kimechongwa kikombe kidogo, kimepasuka kutoka juu mpaka chini. Nikikibana kwa vidole kinajifunga, kinaishika ncha. Nikikiachia kinafunguka, ncha inacheza ovyo. Basi ndiyo maana kwa yule mvutaji, giaboksi ikiwa imepoa, gia iliingia, na kwangu mteremkoni, ikiwa ya moto, haikuingia.

"Nimempata," nikasema. Nilikuwa na furaha mbaya. "Alphonce, nimekupata."

Kunigunda aliinama. Alikichukua kile kipande, akakifuta kwa khanga yake. Akakifuta tena.

"Wifi," akasema. "Tazama."

Kiunoni mwa kile kipande, chini ya grisi, palikuwa na duara jeusi lililochomwa kwa waya wa moto.

Cuthbert kwenye simu akawa anauliza kuna nini. Nikaikata.

"Victor naye alikuwa anaweka ya mti," Kunigunda akasema. "Bushi zilikuwa hazipatikani, Baba akamfundisha. Ya mti wa mbuni, ngumu kama mfupa. Lakini zile zilikaa juu ya moto jikoni mwaka mzima kabla ya kuchongwa. Huu..." Akaunusa. "Huu ulikuwa mbichi. Ni ile mibuni aliyoing'oa juzi juzi kule shambani Kitura. Ukipata joto la giaboksi, lazima upasuke."

Nilikuwa nawaza jioni ile, mzee amekaa ndani ya gari la mwanawe, nami niko jikoni nikimwonea huruma. Hakuwa analia. Alikuwa kazini. Kwenye kile kikapu alibeba spana, akaifungua gia kama alivyokuwa akifanya na Victor, akaitoa plastiki iliyochakaa, akanivisha hiki, akafunga, akanirudishia funguo. Hakuniambia kwa sababu yeye hajisifu.

Nilimkasirikia. Nitasema ukweli, nilimkasirikia mzee wa watu mpaka meno yakaniuma. Karibu aniue. Karibu awaache wajukuu wake bila mama, na kisha akakaa mbele ya sengu nzima akanisikiliza natukanwa, wala haikumjia kichwani kwamba kutengeneza kwake ndiko kuchezea gari ninakokusema mimi. Macho yake hayaoni vizuri. Mti mbichi na mti mkavu, siku hizi kwake ni mmoja.

"Kitupe," Kunigunda akasema. "Kitupe mtoni, wifi. Nakuomba."

"Nikikitupa, Jumapili nataja nani?"

"Ukimtaja, umemuua. Baba bila sengu atakula wapi? Jikoni na watoto? Alishatamka mwenyewe, hata awe nani. Hawezi kulirudisha neno lake."

"Na wanangu watakula wapi?"

Nikakifumbata kile kipande mkononi, nikamwambia tumalize kazi, maana gari haliwezi kukaa tundu wazi.

Tukaivisha bushi ya plastiki kwenye mkono mfupi, tukaupaka grisi, tukauteremsha, tukaibana kofia. Nikapanda, nikakanyaga klachi. Ya kwanza ikaingia. Ya pili. Nikaenda ya tatu, ile iliyokuwa inanitoa machozi, na kiganja tu kiligeuka, bega halikujua. Ilikuwa nzito, imekaza, imeshika. Siku nyingine ningepiga vigelegele.

"Hodi hapa," sauti ikaita getini.

Alikuwa Baba Tarsisi, na fimbo yake, na koti lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Nilishuka, ngumi nimeificha kwenye khanga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Bega?"

"Linaendelea."

"Nimesikia unafunga gia mwenyewe. Vizuri. Victor naye hakupenda kupeleka gari kwa watu." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kilichofungwa kwenye ganda la hindi, akakifungua taratibu kwa vidole vyake vilivyokakamaa. "Nimekuchongea kingine. Kile cha kwanza nilikifanya haraka haraka, nikaogopa utashuka kabla sijamaliza. Kitakuwa kimeanza kulegea. Hiki nimekichonga polepole."

Kiganjani mwake palikuwa na bushi ya mti, nyeupe, mbichi, na duara jeusi kiunoni.

Kunigunda akaanza kulia bila sauti. Mzee akadhani ni msiba wa kaka yake. "Usilie, mwanangu," akamwambia. "Gari ipo. Itatembea."

"Kingine, Baba?"

Sikumsikia Alphonce akija. Alikuwa amesimama nyuma ya bodi ya gari, pikipiki yake kaiacha barabarani, bila shaka alikuja kupeleleza kama nimegusa alichokataza.

"Cha kwanza ulikiweka lini?" akauliza.

"Kabla hajashuka Lituhi," Baba akajibu, na alijibu kwa fahari. "Gia ilikuwa inagonga. Nikaituliza."

Alphonce akaitazama ile bushi mpya. Akautazama mkono mrefu uliolala kwenye majani. Kisha akaitazama khanga yangu, pale ngumi ilipojificha. Yule si mjinga, mniamini.

Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya petroli kwenye nguo zake. "Shemeji," akanong'ona, na sauti ilikuwa tamu ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kesho mtaje tu. Ukweli ni ukweli. Gari yako, mkono wako, hakuna atakayekuuliza tena. Mimi mwenyewe nitasimama upande wako."

Nikauelewa mpango wake. Nikimtaja Baba, Baba anatoka sengu kwa neno lake mwenyewe, na anayekaa mahali pake ni Alphonce. Leo ataniachia gari. Mwaka kesho sengu ni yake, na shamba la Victor, na nyumba, na hiyo gari yenyewe, yote yatapita mkononi mwake. Na nikinyamaza, funguo anazichukua kesho. Kote kote alikuwa ananingoja yeye, na nilikuwa nimeufunga mtego huo kwa mdomo wangu. Nilitamani nimzabe kofi kwa mkono ule mgonjwa.

"Mnanong'ona nini?" Baba akauliza. Akajiegemeza kwenye mlango wa gari, akanigeuzia yale macho yake yenye ukungu. "Mama, umeshafungua gia. Umemjua aliyeichezea?"

Nikaifunika ngumi vizuri zaidi kwenye khanga.

"Kama umemjua, mtaje hapa hapa mbele ya hawa wanangu. Mtu aliyetaka kumuua mama wa watoto wa Victor sitakula naye hata leo jioni. Nimtoe sasa hivi, tusingoje kesho."

Alphonce akaniashiria niseme. Kunigunda, nyuma ya mgongo wa baba yake, akawa ananiomba kwa macho ninyamaze. Kile kipande kilikuwa kimelowa jasho la kiganja changu. Nikakivuta kigoda chenye duara jeusi, nikakiweka karibu na gari, nikamwambia Baba aketi kwanza.